Gavana wa Prosesa na Mwendo wa Picha
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika chumba chetu cha kompyuta liko neno moja linalosemwa kila jioni: "Draiva ya bure haifai." Lasemwa na kijana wa Kidato cha Kwanza ambaye hajamaliza hata muhula mmoja, na lasemwa na wakubwa ambao tulitazamia wawe wamekwisha kulipima. Picha ikikwama katika programu ya nyota, lawama ni ya draiva. Gari likiruka-ruka katika mchezo wa mbio, lawama ni ya draiva. Nimeandika makala haya kuonyesha kwamba mara nyingi tunamshitaki asiyehusika, na kwamba yuko mwingine, amekaa kimya ndani ya mashine hiyo hiyo, ambaye hakuna aliyemwita kutoa ushahidi. Huyo ni gavana wa mwendo wa prosesa.

Kwanza tuelewane juu ya majina, maana ugomvi mwingi wa chumba kile hutokana na majina. Ndani ya kompyuta mna prosesa kuu, ambayo hufanya hesabu za kila namna. Mna pia prosesa ya michoro, nayo kazi yake ni kupaka rangi vitone vya kioo, vingi kwa wakati mmoja. Katika mashine nyingine prosesa hiyo ya michoro imo ndani ya kipande kimoja na prosesa kuu. Katika nyingine iko juu ya kadi yake yenyewe, pengine na feni yake. Baina ya programu na prosesa ya michoro sharti awepo mkalimani, na mkalimani huyo ni programu iitwayo draiva.

Draiva huria ni ile ambayo maandishi yake yamewekwa wazi, mtu yeyote akaweza kuyasoma, kuyasahihisha na kuyagawa. Mashine zetu hutumia Linux, ambayo kerneli yake ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na sehemu kubwa ya draiva zake za michoro hutoka katika mradi uitwao Mesa. Mesa ilianzwa na Brian Paul mwaka 1993, naye akaitoa kwa watu mwaka 1995. Siku zile haikuwa draiva ya kadi yoyote. Prosesa kuu ndiyo iliyochora kila kitone kwa jasho lake. Baadaye watu wengi, wengine wa kujitolea na wengine walioajiriwa na makampuni, wakaongeza draiva za kadi halisi. Mwaka 2007 kampuni ya AMD ilitangaza kwamba itatoa maelezo ya kadi zake ili draiva huria ziweze kuandikwa, na tangu hapo kazi ikaenda mbio.

Sasa hapa pana jambo ambalo wenzangu wengi hawalijui, nalo ndilo mzizi wa maneno yangu yote. Watu hudhani kwamba draiva hukaa ndani ya kadi ya michoro. Sivyo. Draiva huendeshwa na prosesa kuu, kama programu nyingine yoyote. Programu ikisema, "Chora pembetatu hizi elfu kumi, kwa rangi hii, na mwanga utoke upande ule," draiva hulitazama ombi kama ni halali, hulifasiri katika lugha ya kadi, huandika amri katika kumbukumbu, kisha huikabidhi kerneli, nayo kerneli huipanga foleni mbele ya kadi. Kadi haijui lolote mpaka amri hizo zifike. Aidha ziko programu ndogo ndogo ziitwazo sheda, ambazo huiambia kadi namna ya kupaka rangi. Hizo nazo sharti zifasiriwe kwanza, na mfasiri ni prosesa kuu. Ndiyo maana mchezo hukwama kidogo kila uingiapo mahali papya: kadi imekaa bure, yangoja sheda zake zitoke jikoni.

Basi ikiwa draiva huendeshwa na prosesa kuu, yafuata kwamba prosesa kuu ikienda polepole, draiva nayo itakwenda polepole, hata kama kila mstari wake uliandikwa na fundi hodari. Na prosesa za siku hizi haziendi mwendo mmoja. Hapa ndipo anapoingia gavana.

Msomaji amepata kusikia habari za gavana katika basi, kile kifaa kinachomzuia dereva asipite mwendo uliowekwa. Gavana wa prosesa ana madaraka makubwa kuliko huyo. Yeye hakatazi tu. Yeye ndiye anayeamua, mara nyingi katika kila sekunde, prosesa iende mwendo gani. Mwendo huo hupimwa kwa megahezi, na megahezi 1 ni mapigo milioni 1 kwa sekunde. Kampuni ya Intel ilianza kuuza prosesa za kompyuta za mkononi zenye uwezo wa kubadili mwendo, kwa jina la SpeedStep, mwaka 2000, na leo prosesa karibu zote zinazotumika katika kompyuta zina uwezo huo.

Kwa nini wahandisi walihangaika hivyo? Kwa sababu ya umeme na joto. Mwalimu wetu wa Fizikia alituandikia ubaoni kwamba nguvu inayoliwa na vipande hivi vinapofanya kazi hufuata mwendo ukizidishwa kwa mraba wa volti. Tuchukue mfano. Prosesa iendayo megahezi 2000 kwa volti 0.9 ipandishwe hadi megahezi 3200, na ili isikosee hesabu zake ikahitaji volti 1.2. Mwendo umezidi mara 1.6. Mraba wa volti umezidi mara 1.78 hivi. Zidisha, utapata kwamba nguvu imezidi karibu mara 2.84. Yaani umenunua mwendo wa mara moja na nusu hivi kwa bei inayokaribia mara tatu. Ukiwa unalipa kwa betri, bei hiyo si ndogo.

Katika Linux magavana ni kadhaa, na kila mmoja ana tabia yake. Majina yao nitayaacha kama yaandikwavyo ndani ya mashine, kwa sababu ukiyatafsiri mashine haitakuelewa. Yuko performance, ambaye huishikilia prosesa kwenye mwendo wa juu wakati wote. Yuko powersave, ambaye huishikilia kwenye mwendo wa chini wakati wote, hata uilie machozi. Yuko ondemand, aliyeingia katika kerneli mwaka 2004, ambaye hutazama kazi iliyofanyika katika muda mfupi uliopita na kuchagua mwendo kwa kadiri ya kazi hiyo. Na yuko schedutil, aliyeingia mwaka 2016, ambaye hapimi mwenyewe, bali hupokea hesabu kutoka kwa ile sehemu ya kerneli inayopanga zamu za programu. Wako na wengine, lakini hao wanatosha.

Liko tatizo moja la jina, nami nitalitaja upesi kwa kuwa limewapoteza wengi. Prosesa nyingi za Intel tangu mwaka 2013 huongozwa na sehemu ya kerneli iitwayo intel_pstate, nayo ina powersave yake ambayo si yule niliyemweleza juu. Huyo wa intel_pstate hupandisha na kushusha mwendo kwa kadiri ya kazi. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mashine yangu iko kwenye powersave," usimhukumu kabla hujamwuliza ni powersave yupi.

Sasa tuje kwenye kiini. Kosa la gavana apimaye kazi ni hili: yeye huona kazi, haoni kungoja. Tazama jiko la shule. Tuseme liko sufuria moja tu. Mpishi asonge ugali, kisha mgawaji augawe wote, kisha sufuria irudi kwa mpishi. Mgawaji anapogawa, mpishi amekunja mikono. Mpishi anaposonga, mgawaji amekunja mikono. Akaja mkaguzi, akamtazama mpishi kwa saa nzima, akaona nusu ya saa hana kazi. Akaandika katika daftari lake: "Mpishi huyu ana nafasi tele, asonge polepole ili kuni zipungue." Mpishi akatii. Je, foleni ya wanafunzi itakwenda vipi? Mkaguzi hakusema uongo hata kidogo, na foleni imerefuka.

Ndivyo ilivyo kwa prosesa kuu na prosesa ya michoro pale zinapofanya kazi kwa zamu. Nitafanya hesabu, maana bila hesabu haya ni masimulizi tu. Tuseme kila fremu moja, yaani kila picha moja kamili ya kioo, yahitaji mapigo milioni 16 ya prosesa kuu kwa kazi ya programu na draiva, kisha yahitaji milisekunde 8 za kadi ya michoro. Prosesa yetu yaweza kwenda kutoka megahezi 800 hadi 3200.

Kwa gavana performance, megahezi 3200, mapigo milioni 16 humalizika kwa milisekunde 5. Ongeza 8 za kadi, jumla 13. Katika sekunde moja zapatikana fremu 77 hivi.

Kwa powersave yule wa kawaida, megahezi 800, kazi ile ile huchukua milisekunde 20. Ongeza 8, jumla 28. Fremu 36 hivi kwa sekunde. Kadi ni ile ile, draiva ni ile ile, hapana herufi iliyobadilika, na fremu zimepungua zaidi ya nusu.

Lakini mimi napenda zaidi hesabu ya ondemand, kwa sababu yeye hakusudii ubaya. Kanuni yake ni kuchukua mwendo wa chini kabisa, kisha kuongeza sehemu ya ile tofauti kati ya chini na juu inayolingana na asilimia ya kazi aliyoiona. Kazi ikipita kiwango fulani, ambacho kwa kawaida ni asilimia 80 au 95 kwa mujibu wa mashine, huruka moja kwa moja hadi juu. Anzia na megahezi 3200. Prosesa yafanya kazi milisekunde 5 katika kila 13, yaani asilimia 38 hivi. Gavana aona nafasi tele, ashusha mwendo. Mwendo ukishuka, kazi yachukua muda mrefu zaidi, asilimia yapanda. Gavana aongeza kidogo. Asilimia yashuka tena. Huku na huku mpaka vinatulia. Wapi? Jaribu megahezi 2000. Kazi huchukua milisekunde 8, kadi nayo 8, kwa hiyo prosesa ina kazi asilimia 50. Kanuni yasema: 800, ongeza nusu ya 2400, jumla 2000. Ni pale pale. Gavana ameridhika, hana sababu ya kusogea. Fremu huchukua milisekunde 16, yaani fremu 62 na nusu kwa sekunde badala ya 77. Tumepoteza karibu fremu moja katika kila tano, na ukitazama kipimo cha kazi utaona prosesa iko nusu bure! Mtu akiona prosesa iko nusu bure na picha ni nzito, atasema nini? Atasema draiva ndiyo mbovu. Nami simlaumu, kwa sababu ushahidi wote aliouona unaelekeza huko.

Yafaa niseme kwa haki kwamba si kila programu hufanya kazi kwa zamu namna hiyo. Draiva nzuri hujitahidi kuandaa fremu ya pili huku kadi ikichora ya kwanza, kama jiko lenye sufuria mbili. Rudia hesabu kwa hali hiyo. Kwa megahezi 3200 prosesa humaliza kwa milisekunde 5, kadi kwa 8. Aliye mzito ni kadi, na fremu ni 125 kwa sekunde. Akija ondemand aone kazi ya asilimia 62 na nusu, atashusha hadi megahezi 2300. Hapo prosesa humaliza kwa muda pungufu kidogo ya milisekunde 7, bado mapema kuliko kadi. Hakuna fremu iliyopotea, na umeme umeokolewa. Gavana yule yule, kanuni ile ile. Hapa ni rafiki, kule ni mwizi. Tofauti yote iko katika kungoja. Programu ikitaka kusoma jibu kutoka kwenye kadi kabla ya kuendelea, au draiva ikishindwa kutanguliza kazi, twarudi kwenye sufuria moja.

Ndiyo sababu waandishi wa Mesa wameshughulika sana kuondoa kungoja huko. Mwaka 2017 waliingiza njia iitwayo glthread, ambayo huipa programu uzi mmoja wa kazi na draiva uzi mwingine, zote mbili ziende pamoja katika viini tofauti vya prosesa. Kabla yake, mwaka 2016, ilitoka lugha mpya ya kuzungumza na kadi, Vulkan, ambayo imempunguzia mkalimani maneno mengi. Hata hivyo kazi ikigawanywa katika viini vinne, kila kiini chaonekana kina kazi kidogo, na gavana aweza kudanganyika upya. Fundi akiziba tundu hili, panya hutafuta lingine.

Haya si mambo ya daftari tu. Muhula uliopita mashine tatu katika chumba chetu ziliandikiwa kwenda stoo. Hoja ilikuwa kwamba programu ya nyota, Stellarium, ambayo hutumika katika somo la Jiografia, ilikuwa inasita kila mbingu ilipozungushwa, na mtu asingeweza kuwafundisha watoto majira kwa mbingu inayosita. Ilisemwa kwamba draiva huria haziwezi, na kwamba fedha kidogo zilizokuwapo zinunue kadi mpya mbili. Fedha hizo hizo zilikuwa zimekusudiwa kununua betri moja ya sola, kwa maana umeme ukikatika jioni chumba hutegemea sola. Chama cha kompyuta kiliombwa kutoa rai kwa siku saba.

Kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliniambia, "Kaka, msijisumbue. Nimeziona mimi mwenyewe, zimekufa." Nikamwambia aketi tutazame pamoja. Katika Linux kila kitu kina faili lake, na gavana naye analo. Tulifungua /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor, tukakuta neno moja tu ndani yake: powersave. Nalo lilikuwa powersave yule mkali, si wa intel_pstate. Faili la jirani, scaling_cur_freq, lilionyesha prosesa imekaa chini kabisa, nayo haikuinuka hata tulipoifungulia Stellarium na kuizungusha mbingu. Mashine ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Agizo lilikuwa limeandikwa katika maagizo ya kuwasha mashine, zamani, na mtu aliyetaka kuokoa sola. Wala hakukosa. Wakati ule mashine hizo zilikuwa za kuchapia tu, na mwendo wa chini uliwatosha wachapaji.

Tulibadili gavana tukaweka ondemand. Mbingu ikazunguka. Tukaweka performance, ikazunguka laini zaidi, na feni ikaanza kuimba. Yule kijana alinyamaza muda, kisha akauliza swali zuri kuliko yote niliyosikia wiki ile: "Basi kwa nini tusiweke performance siku zote, yakaisha?"

Jibu la kwanza alilijua, nalo ni sola. Jibu la pili ni la ajabu zaidi, na tuliliona katika kompyuta ya mkononi ya chama. Nimesema kwamba katika mashine nyingine prosesa kuu na prosesa ya michoro zimo katika kipande kimoja. Hizo hula sahani moja. Kipande kizima hupewa kiasi fulani cha nguvu, mathalani wati 15 katika kompyuta nyingi nyembamba za mkononi, na hakiruhusiwi kuzidi kwa muda mrefu, la sivyo kitaungua. Ukiiamuru prosesa kuu iende mbio wakati wote, itakula sehemu kubwa ya sahani, na ile ya michoro itabaki na njaa, ipunguze mwendo wake. Ikiwa programu ni ya kazi nyingi ya kadi na kidogo ya prosesa, umeharibu. Katika kompyuta ile, baada ya dakika chache za performance, picha zilikuwa nzito kuliko zilivyokuwa kabla. Huo si uzushi wa mashine yetu peke yake. Mwaka 2018 Francisco Jerez, mhandisi wa Intel aliyekuwa akifanya kazi katika draiva huria, alipeleka marekebisho kwa watunzaji wa kerneli yaliyokusudia jambo hilo hasa: kumfanya gavana atambue kwamba kadi ndiyo iliyolemewa, na hapo aipunguzie prosesa kuu haraka isiyo na faida, ili nguvu iliyookolewa iende kwa michoro.

Kwa hiyo mwenye kadi ya peke yake na umeme wa ukutani aweza kuweka performance bila hofu kubwa ila ya bili. Mwenye kipande kimoja na betri afikiri kwanza. Njia ya kati ni ile iliyotumiwa na kampuni ya Uingereza, Feral Interactive, iliyotoa mwaka 2018 programu huria iitwayo GameMode: mchezo ukifunguliwa gavana huwekwa performance, ukifungwa hurudishwa alipokuwa. Sisi tumefanya vivyo hivyo kwa Stellarium, kwa maandishi mafupi ya mistari sita, na saa za sola mashine zote hubaki kwenye ondemand.

Wale watakaotaka kupima wenyewe, nawaomba wafuate haya. Funga kwanza ile kanuni inayozifunga fremu kwa kioo, kwa maana kioo cha kawaida hupokea picha 60 kwa sekunde na kipimo hakitapita hapo; katika Mesa, programu za OpenGL hufunguliwa kwa kutanguliza vblank_mode=0. Usipime kwa yale magurudumu ya glxgears. Picha yake ni nyepesi mno, kadi humaliza mara moja, na unachopima ni prosesa kuu ikikimbia huku na huko. Gavana atakuonyesha tofauti kubwa ambayo hutaiona katika kazi yoyote ya kweli. Tumia programu ile ile unayoilalamikia, mahali pale pale. Pima mara tatu kwa kila gavana, na uiache mashine ipoe kati ya vipimo. Kwa draiva nyingi za Mesa waweza kuandika GALLIUM_HUD=fps,cpu kabla ya jina la programu, nawe utaona juu ya picha mstari wa fremu na mstari wa kazi ya prosesa vikienda pamoja. Ukiona kazi ni ndogo na fremu ni chache, usiridhike. Badili gavana kwanza, halafu useme. Kubadili kwahitaji ruhusa ya mkuu wa mashine, kwa amri cpupower frequency-set -g ikifuatwa na jina la gavana. Na katika daftari la vipimo, kando ya jina la draiva na toleo lake, andika jina la gavana. Daftari letu la mwaka jana lina kurasa kumi na nne za vipimo vya draiva mbalimbali bila jina la gavana hata moja, nazo leo hazitusaidii neno.

Betri ya sola ilinunuliwa. Mashine mbili zilirudi mezani, nazo ndizo wanazozungushia mbingu wa Kidato cha Kwanza siku za Jumatano.

Ya tatu hatukuweza kuiponya. Gavana wake alikuwa ondemand tangu mwanzo, na kuweka performance hakukubadili kitu kinachoonekana kwa macho. Kadi yake ni ya aina ambayo hubadili mwendo wake kwa programu ya ndani iliyotiwa sahihi na mtengenezaji tu. Draiva huria haikupewa ufunguo huo, kwa hiyo kadi hubaki katika mwendo mdogo inaoamka nao mashine inapowashwa. Hapo draiva ni nzito kweli, ijapokuwa kosa si la walioiandika. Tumeiweka karibu na dirisha, na makala haya yamechapwa juu yake.